Herufi za Nchi Isiyokuwapo: Je, Ni Mchezo au Ni Elimu?

Hutokea mara kwa mara katika shule za sekondari kwamba mwalimu, apitapo baina ya madawati, humkuta mwanafunzi ameinamia daftari lililojaa alama zisizosomeka. Akiulizwa, mwanafunzi hujibu kwa haya kwamba hayo ni maandishi ya nchi aliyoibuni mwenyewe, nchi yenye wafalme wake, milima yake na lugha yake. Aghalabu jambo hilo huishia kwa daftari kuchukuliwa, na mwanafunzi kuonywa kuwa anapoteza wakati ambao angeutumia kujiandaa kwa mtihani. Onyo hilo lina nia njema, lakini limejengwa juu ya dhana ambayo haijachunguzwa: kwamba kubuni lugha ni kitu kimoja, na kujifunza elimu ya lugha ni kitu kingine kabisa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Mtu anayebuni lugha kwa makini hulazimika kuyajibu maswali yale yale yanayowashughulisha wataalamu wa isimu. Na anayebuni maandishi hulazimika kuzipanga sauti kwa utaratibu, kama vile mkemia anavyozipanga elementi katika jedwali. Daftari lile, basi, lastahili kusomwa kabla ya kuchukuliwa.

Lugha iliyotangulia hadithi

Mfano ulio bora wa jambo hili ni kazi ya J.R.R. Tolkien. Alizaliwa mwaka 1892 mjini Bloemfontein, katika nchi ambayo sasa ni Afrika Kusini, akapelekwa Uingereza angali mtoto wa miaka mitatu, na huko ndiko alikokulia na kusomea. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi kwa muda katika kamusi kubwa ya Kiingereza iliyokuwa ikitungwa Oxford, akichunguza asili ya baadhi ya maneno yanayoanza kwa herufi W. Tangu mwaka 1925 hadi alipostaafu mwaka 1959 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kazi yake ya kila siku, kwa hiyo, ilikuwa kusoma matini za kale, kulinganisha lugha zenye ukoo mmoja na kufuatilia jinsi sauti zinavyobadilika karne hata karne. Alifariki mwaka 1973.

Watu wengi humfahamu kwa hadithi zake za nchi ya kubuni, yaani The Hobbit iliyotolewa mwaka 1937, na The Lord of the Rings iliyotolewa kwa sehemu tatu katika miaka ya 1954 na 1955. Wasichokijua wengi ni kwamba lugha zilizitangulia hadithi. Orodha ya maneno ya lugha iitwayo Quenya aliianza mnamo mwaka 1915, miaka ishirini na miwili kabla ya kitabu chake cha kwanza cha hadithi hizo. Mwenyewe alishikilia kwamba hadithi zilitungwa ili lugha zipate ulimwengu wa kuishi, wala si kinyume chake. Mwaka 1931 alitoa mhadhara juu ya ubunifu wa lugha, akiuzungumzia kama starehe ambayo mtu huificha kwa aibu. Profesa wa Oxford na mwanafunzi wa kidato cha pili, kumbe, wana aibu moja.

Lugha si fumbo

Ni muhimu kutofautisha baina ya kuficha lugha na kuunda lugha. Watoto wa pwani ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu wamekuwa na mchezo wa kinyume, ambao ndani yake silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa: nyumba huwa mbanyu, na kitabu huwa bukita. Mchezo huo unapendeza na unanoa masikio, lakini haukuleta lugha mpya. Ngeli ni zile zile, vitenzi ni vile vile, na anayejua ufunguo mmoja amejua yote. Tolkien naye alipokuwa mtoto aliwasikia binamu zake wakizungumza kwa mchezo wa namna hiyo, ambamo majina ya wanyama yalichukua nafasi ya maneno ya kawaida. Punda iliitwa arobaini, na arobaini ikaitwa punda. Hilo nalo lilikuwa Kiingereza kilichovaa nguo za kuazima.

Mwanafunzi anayeanza kubuni lugha aghalabu hukwama papo hapo. Huandika orodha ya maneno mia ya Kiswahili au ya Kiingereza, akayawekea maneno mengine mia ya kubuni, kisha akadhani kazi imekwisha. Lakini ajaribupo kuandika sentensi moja, maswali humzonga. Je, lugha hii ina ngeli? Kama inazo, ni kwa kigezo gani? Wingi unaonyeshwa mwanzoni mwa neno, mwishoni, au haonyeshwi yeyote? Wakati na nafsi vinakaa wapi katika kitenzi? Asiyewahi kulazimika kuyajibu maswali hayo anaweza kuzikariri ngeli zote za Kiswahili bila ya kuona kwamba ngeli ni njia moja tu miongoni mwa njia nyingi ambazo lugha za wanadamu zimezichagua.

Tolkien aliyajibu maswali hayo kwa kutumia elimu aliyokuwa nayo. Quenya aliipa umbo linalokaribia Kifini, lugha aliyoipenda tangu alipokuwa mwanafunzi: nomino zake huongezewa viambishi vingi mwishoni, na maneno yake mengi huishia kwa irabu. Lugha ya pili, iitwayo Sindarin, aliipa sauti zinazokumbusha Kiwelisi. Kisha akafanya jambo ambalo wabunifu wengi hawalifikirii: alizifanya lugha hizo mbili kuwa ndugu, watoto wa lugha mama moja, walioachana kwa mabadiliko ya sauti yenye kufuata kanuni.

Matokeo yake yanaweza kuonekana kwa mifano michache. Mtu huitwa atan kwa Quenya na adan kwa Sindarin. Mti ni alda kwa Quenya na galadh kwa Sindarin. Neno lenye maana ya “neno” ni quetta kwa Quenya na peth kwa Sindarin. Kwa mtazamo wa haraka quetta na peth hayana undugu wowote. Lakini mtaalamu atakumbuka kwamba namba nne kwa Kilatini ni quattuor, na kwa Kiwelisi ni pedwar, na kwamba sauti ya kale ya “kw” iligeuka kuwa “p” katika Kiwelisi. Tolkien hakubahatisha, alichukua kanuni iliyothibitishwa katika lugha za kweli akaipandikiza katika lugha za kubuni.

Kanuni za namna hiyo haziko mbali na mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Neno mvua la Kiswahili ni imvura kwa Kinyarwanda na mvula kwa Kinyanja. Neno njaa ni inzara kwa Kinyarwanda, na njala kwa Kinyanja. Palipo na “l” au “r” katika lugha hizo, Kiswahili kina pengo baina ya irabu mbili, kwa kuwa sauti hiyo ilidondoka zamani katika maneno ya namna hiyo. Mwanafunzi aliyekwisha kuona pengo hilo hataziona tena lugha za Kibantu kama rundo la maneno yanayofanana kwa nasibu. Ataanza kuuliza ni kanuni gani iliyozitenganisha, na hapo ndipo isimu linganishi inapoanzia.

Herufi zinazosema zilivyo

Sehemu ya kazi ya Tolkien inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi na walimu ni maandishi aliyoyaita tengwar. Katika hadithi, herufi hizo zinasemekana kuwa zilibuniwa na fundi mmoja aitwaye Fëanor, ambaye alizitengeneza upya herufi za mtangulizi wake Rúmil. Katika ukweli, ni jedwali la fonetiki lililofichwa ndani ya mapambo.

Herufi za msingi ni ishirini na nne, nazo zimepangwa katika safu nne za wima na daraja sita za mlalo. Kila herufi ina sehemu mbili: shina, ambalo ni mstari wa wima, na tao, ambalo ni duara au nusu duara lililoungana na shina hilo. Safu huonyesha mahali sauti inapotamkiwa kinywani, na daraja huonyesha namna inavyotamkwa.

Chukua safu ya midomo. Herufi ya kwanza, yenye shina la kushuka chini na tao moja lililofungwa upande wa kulia, ina umbo linalokaribia herufi ndogo “p” ya Kirumi, nayo husomwa “p”. Tao likifanywa kuwa mawili, sauti hupata mtetemo wa nyuzi za sauti kooni, na herufi husomwa “b”. Shina likipandishwa juu badala ya kushuka, hewa haizibwi tena bali hupita kwa kukwaruza, na herufi husomwa “f”. Shina likipandishwa na tao likiwa mawili, husomwa “v”. Shina likikatwa na tao likiwa mawili, hewa hupita puani, nayo ni “m”. Daraja ya sita, yenye tao moja na shina lililokatwa, imeachiwa sauti hafifu zaidi.

Mwanafunzi aliyejifunza herufi hizo tano haitaji kufundishwa upya safu ya meno. Akioneshwa herufi ya “t” tu, ataweza kuunda mwenyewe “d”, “th”, “dh” na “n”, kwa kufuata kanuni zile zile. Hapo umuhimu wa jambo hili hudhihirika. Katika herufi za Kirumi hakuna chochote katika umbo la “p” na “b” kinachotangaza undugu wao, na umbo la “t” halina uhusiano wowote na umbo la “d”. Mwanafunzi huambiwa kuwa sauti hizo ni ghuna na sighuna, hukariri, hujibu mtihani, kisha husahau. Katika tengwar undugu huo uko mbele ya macho.

Kiswahili ndani ya jedwali

Jaribio lenye faida zaidi ni kuzijaza daraja tano za kwanza kwa konsonanti za Kiswahili. Safu ya midomo hupata p, b, f, v na m. Safu ya meno na ufizi hupata t, d, th, dh na n. Safu ya kaakaa gumu hupata ch, j, sh, kisha pengo, halafu ny. Safu ya kaakaa laini hupata k, g, kh, gh na ng'. Kati ya visanduku ishirini, kumi na tisa vimejaa. Sauti za th, dh, kh na gh, ambazo Kiswahili kimezipata kwa wingi kutoka Kiarabu, zimekuja kukaa hasa mahali palipokuwa wazi.

Kisanduku kimoja tu kimebaki kitupu: cha sauti inayopatikana tunapotamka “sh” huku koo likitetemeka, sauti ambayo Wafaransa wanayo katika maneno yao mengi. Mwanafunzi wa kemia hatashindwa kukumbuka hapa habari za Mendeleev, ambaye mwaka 1869 alipanga elementi katika jedwali, kisha akatabiri kwamba mapengo yaliyobaki yangejazwa. Na galiamu ikagunduliwa mwaka 1875. Jedwali la sauti halitabiri kwamba lugha fulani ni lazima ipate sauti iliyokosekana, lakini linatabiri kuwa sauti hiyo inaweza kutamkwa na binadamu, na kwamba huenda iko mahali fulani duniani. Mpangilio mzuri huonyesha hata kile ambacho hakipo.

Kuna jambo jingine. Katika maandishi ya Tolkien, mstari mdogo uwekwao juu ya konsonanti huonyesha kwamba imetanguliwa na king'ong'o kinachotamkiwa mahali pale pale. Mwandishi wa Kiswahili angeutumia mstari huo kwa sauti za mb, nd, nj na ng. Mstari mmoja unatosha, kwa sababu king'ong'o hicho hakina uhuru: ubavu huwa mbavu, lakini udevu huwa ndevu, mbele ya “b” husikika “m”, na mbele ya “d” husikika “n”. Lakini mara mwanafunzi atakutana na neno mbuni, naye atasimama. Mbuni aliye ndege hutamkwa kwa silabi mbili, na hapo mstari unafaa. Mbuni aliye mtu wa kubuni hutamkwa kwa silabi tatu, kwa kuwa “m” yake ni kiambishi cha ngeli chenye silabi yake, na hapo haina budi kuandikwa herufi kamili. Tahajia ya kawaida huandika maneno hayo mawili kwa namna moja. Ni maandishi ya nchi isiyokuwapo yanayomlazimisha mwanafunzi kuisikiliza lugha anayoisema kila siku.

Mahali pa irabu

Irabu katika tengwar kwa kawaida huandikwa kwa alama ndogo juu ya konsonanti: vitone vitatu kwa “a”, kistari cha mshazari kwa “e”, kitone kimoja kwa “i”, na vikulabu viwili vinavyotazamana kinyume kwa “o” na “u”. Lakini je, alama hiyo ikae juu ya konsonanti iliyotangulia au iliyofuata? Tolkien hakutoa jibu moja. Katika Quenya, ambayo maneno yake mengi huishia kwa irabu, alama hukaa juu ya konsonanti iliyotangulia. Katika Sindarin, ambayo maneno yake mengi huishia kwa konsonanti, hukaa juu ya konsonanti inayofuata. Maandishi yalifuata umbo la lugha. Kwa kanuni hiyo Kiswahili kingeandikwa kwa mtindo wa Quenya, na neno kitabu lingekuwa herufi tatu zenye alama tatu.

Swali hilo la kuoanisha maandishi na lugha si la hadithi tu. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Hati ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 ni miongoni mwa hati za kale zaidi zilizosalia. Herufi hizo ziliundwa kwa ajili ya lugha yenye irabu tatu fupi, isiyo na “p”, “v” wala “ch”. Mwandishi wa Kiswahili mwenye irabu tano alilazimika kuandika kuku na koko kwa namna moja, akamwachia msomaji kazi ya kutambua kilichokusudiwa. Wanazuoni wa pwani hawakuiacha kasoro hiyo bila kuishughulikia. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, akishirikiana na P.J.L. Frankl, alichapisha mapendekezo ya kuziongezea na kuzirekebisha herufi za Kiarabu ili zikidhi sauti zote za Kiswahili. Herufi za Kirumi nazo hazikukamilika: wasemaji wa Kimvita hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayofuata “p”, lakini tahajia sanifu haina alama ya pumzi hiyo.

Kutoka mchezo hadi kazi

Yako mataifa ambayo yaliandika historia yake kwa ubunifu wa namna hii. Mfalme Sejong wa Korea alikamilisha mwaka 1443 herufi mpya kwa ajili ya watu wake, zikatangazwa rasmi mwaka 1446. Maumbo ya konsonanti za msingi yalichorwa kwa kufuata ulimi, midomo, meno na koo, na mistari iliongezwa sauti ilipozidi nguvu. Herufi hizo, zilizokuwa ishirini na nane, ndizo mzazi wa herufi ishirini na nne za msingi zinazotumiwa na Wakorea hadi leo. Kanuni iliyo ndani ya tengwar, basi, ilikwisha kufanya kazi katika nchi ya kweli karne tano kabla ya Tolkien.

Katika Afrika, Solomana Kanté alikamilisha maandishi ya N'Ko mwaka 1949 kwa ajili ya lugha za Kimanding za Afrika Magharibi, akayawekea alama za toni. Na mwaka 1989, huko Nzérékoré nchini Guinea, ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walianza kubuni maandishi ya Kifulani, kwa kuwa waliona herufi za Kiarabu hazitoshelezi sauti za lugha yao. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne, na mdogo alikuwa na miaka kumi. Waliyoyachora katika madaftari yao ndiyo yanayoitwa leo Adlam, yenye herufi ishirini na nane, ambayo mwaka 2016 yaliingizwa katika Unicode, mpango wa kimataifa wa kuzipa herufi nambari zake katika kompyuta. Mtu aliyewaona wavulana hao wakichora katika siku za mwanzo angeweza kudhani kuwa wanacheza.

Hoja za wapinzani

Itasemwa kwamba lugha za Tolkien ni mambo ya kigeni, nazo ni za viumbe wa hadithi wasiozeeka, wasiomhusu kijana wa Kiafrika. Hoja hiyo ina uzito, na ingekuwa upuuzi kumtaka mwanafunzi akariri maneno ya Quenya wakati hajui methali za kwao. Lakini kinachostahili kuazimwa si maneno yake, bali ni njia yake. Njia hiyo, ikitumiwa juu ya Kiswahili, Kinyarwanda au Kinyanja, hutoa mazao ya hapa hapa.

Itasemwa pia kwamba maandishi yenye utaratibu mno yana ila yake. Hilo ni kweli. Herufi zinapojengwa kwa shina na tao peke yake hufanana sana, na jicho la msomaji huchoka au hukosea. Tofauti ya tao moja na mawili haionekani upesi kama tofauti ya “t” na “d”. Maandishi mema kwa mwanafonetiki si lazima yawe mema kwa msomaji wa gazeti. Lakini ila hiyo ni somo jingine, kwa maana inamfundisha mwanafunzi kwamba kila chombo hupimwa kwa kazi yake.

Mwisho, itasemwa kwamba lugha isiyo na wasemaji si lugha. Tolkien mwenyewe hakuzimaliza lugha zake. Aliendelea kuzibadilisha hadi uzeeni, na maneno yake hayatoshi kwa mazungumzo ya kila siku. Lugha hai hulelewa na watu wanaonunua, wanaogombana na kupatana kwa lugha hiyo. Hakuna anayedai kwamba lugha ya kubuni ichukue nafasi ya lugha hai. Mwanafunzi wa fizikia hutengeneza pendulamu kwa jiwe na uzi, na hakuna anayemlaumu kwamba haikuwa saa.

Kazi tatu za darasani

Mambo haya hayahitaji maabara wala fedha. Kwanza, mwalimu anaweza kuwataka wanafunzi waweke vidole kooni na kutamka “s” na “z”, “f” na “v”, kisha wazipange konsonanti zote za Kiswahili katika jedwali lao wenyewe kabla ya kuoneshwa la kitabuni. Pili, kila mwanafunzi anaweza kuleta maneno ishirini ya lugha ya nyumbani kwao pamoja na maana zake kwa Kiswahili, na darasa likatafuta sauti zinazobadilishana kwa kanuni. Tatu, makundi ya wanafunzi yabuni maandishi ya Kiswahili, kila kundi liandike aya moja, na baada ya wiki moja kundi jingine lijaribu kuisoma kwa msaada wa ufunguo tu. Makosa yahesabiwe, sababu zake zitafutwe, na herufi zirekebishwe. Huko kubuni, kujaribu, kuhesabu na kusahihisha ndiko kunakoitwa sayansi katika vyumba vya fizikia na baiolojia.

Mwalimu atakayelikuta tena daftari la alama zisizosomeka na aliombe kwa upole, kisha amwulize mwenyewe maswali matatu: herufi hii na ile kwa nini zinafanana, wingi katika lugha hii huundwaje, na neno hili limetoka wapi. Mwanafunzi akiwa na majibu, amekwisha kuanza kusoma isimu bila ya kuambiwa. Asipokuwa nayo, na arudishiwe daftari lake akayatafute.